Mlio wa Tatu

Exelda alilitungua baragumu kutoka kwenye msumari wake ukutani ili amwite mumewe kula, na maji yakammwagikia kifuani.

Yalikuwa maji ya baridi kali, si matone mawili matatu bali bilauri nzima, na ndani yake mlikuwa na mchanga mweusi na vijani vya mwerezi. Alisimama mlangoni, blauzi imemganda mwilini, akilitazama lile baragumu la bati. Lilikuwa limetundikwa mdomo chini kama siku zote, na kitu kilichotundikwa mdomo chini hakishiki maji. Hata Lorette, binti yake wa miaka miwili aliyekuwa chini ya meza akitafuna mkate, angeweza kumwambia hivyo.

Alilipangusa kwa aproni, akalipuliza, Onias akaja akala. Exelda hakumwambia neno. Mumewe alikuwa ameamka alfajiri kumkaushia Lorette soksi kwenye mlango wa jiko, soksi moja baada ya nyingine, akizigeuza kama mtu anayechoma samaki. Mtu wa namna hiyo humtwishi hofu juu ya sahani ya maharage.

Onias alikuwa mlinzi wa Bwawa la Juu, penye kichwa cha Mto wa Mierezi, kaskazini mwa New Brunswick. Kutoka hapo hadi kijijini Mdomoni, mto unapokutana na bahari, ni maili thelathini za msitu mtupu. Magogo yaliyokatwa wakati wa theluji hushushwa kwa mto huo kila mwaka, na maji yakipungua, mlinzi hufungua milango ya bwawa ili ziwa liyabebe. Maji hayo hayaulizi nani yuko njiani. Kwa hiyo sheria ni moja: mlinzi apulize baragumu mara tatu, kisha angoje mpaka kiko chake cha tumbaku kiishe, ndipo azungushe gurudumu la mnyororo. Mlio wa kwanza, wasukuma magogo huinua vichwa. Wa pili, huacha kazi. Wa tatu huwakuta wote ukingoni.

Alcide, kaka yake Exelda, alikuwa amekufa maji miaka miwili iliyopita, mwezi wa Juni, kwenye maporomoko yanayoitwa Kikaango, maili mbili chini ya bwawa. Milango ilifunguliwa saa sita mchana kama ilivyopangwa, walisema, na baragumu lililia mara tatu, lakini Alcide alishikilia gogo lake kwa ubishi mpaka maji yakamkuta juu ya mwamba. Wote walisema hivyo. Walimzika pale pale ndani ya mapipa mawili ya unga yaliyounganishwa, kwa kuwa jeneza halipatikani porini, na buti zake za misumari, zile za kusimamia juu ya magogo, wakazitundika kwenye mwerezi ulio juu ya kaburi. Buti za aliyekufa maji haziguswi. Hukaa mtini mpaka kamba ioze zianguke zenyewe. Anayezishusha mapema anamwambia marehemu, inuka.

Siku ile Exelda alikuwa Mdomoni kwa mama yake, anajifungua Lorette. Kengele ya jioni ya kanisa, ile ya saa kumi na mbili, ilikuwa bado inalia Onias alipoingia chumbani, suruali imelowa mpaka kiunoni, mkononi fungu la maua ya zambarau ya ukingoni mwa mto. Alipiga magoti kando ya kitanda akalia kama mtoto. Habari za Alcide zilifika kesho yake. Katika huzuni ile yote Exelda aliishika jioni ile kama mtu anayeshika kamba. Alikuwa na desturi ya kuweka wema wa watu moyoni, kama wengine wanavyoweka vifungo kwenye kopo: padri aliyesoma misa bila sadaka, wanawake waliomfumia mtoto shali, Calixte mleta mizigo ambaye hakukosa kumchukulia kitu kila safari. Lakini wema wa jioni ile aliuweka juu kabisa.

Kesho yake baragumu lilijaa tena. Na siku iliyofuata.

Siku ya nne alikuwa akikanda unga, mchana kweupe, Lorette amelala, Onias yuko bwawani anaziba ufa. Akasikia baragumu likipulizwa nyuma yake. Halikulia. Ilikuwa pumzi tu, pumzi nzito iliyojaa maji, ikipanda na kukwama na kububujika, kama mtu anayejitahidi kuita huku kifua kimejaa. Akageuka. Baragumu lilikuwa kwenye msumari wake, likiyumba kidogo, na sakafuni chini yake palikuwa na dimbwi.

Calixte alifika siku hiyo hiyo na mtumbwi wake, akiusukuma kwa upondo dhidi ya mkondo, akiimba vibaya. Alikuwa rafiki wa Alcide tangu utoto, mtu wa mzaha mwingi.

“Dada, nimekuletea asali ya miwa,” alisema. “Mumeo usimwonjeshe, tumbo lake limeshaanza kutangulia kuingia nyumbani.”

Onias alicheka. Calixte akanywa chai amesimama karibu na mlango, na Exelda aliliona hilo. Baadaye alimfuata mtoni akamuuliza ana nini. Calixte akaangalia maji.

“Buti za Alcide hazipo mtini,” alisema polepole. “Kamba ipo. Haikukatika, dada. Imefunguliwa fundo.”

Akaeleza kwamba alidhani ni mwizi. Lakini penye njia ya kubebea mitumbwi kando ya Kikaango aliona matundu ya misumari kwenye matope, ya mtu mmoja, yakipanda. Aliyaona tena Shingo ya Bata, mto unapobanwa na miamba. Na tena Maji Mfu, hapo mto unapolala kama umekufa chini ya misonobari, nusu maili tu kutoka mlangoni pa Exelda. Yote yakipanda, na kila alipoyakuta, matundu yalikuwa yamejaa maji ingawa mvua haikunyesha wiki nzima.

Exelda alirudi ndani akanyunyizia maji ya baraka kila pembe. Akamsalia kaka yake rozari nzima. Alidhani Alcide anataka sala tu, na kwa sala angempa hata mwaka mzima.

Asubuhi yake alikuta mbao za sakafu zimetobolewa. Katika nyumba zote za mto ule buti za misumari huishia barazani, hakuna mwanamume anayethubutu kuziingiza ndani, na buti za Onias zilikuwa barazani zimefungwa utando wa buibui. Lakini vitundu vile vilianza mlangoni, vikaenda mpaka ukutani kwenye baragumu, vikasimama hapo kwa muda mrefu kwa maana mbao zilikuwa zimechimbika, kisha vikageuka, vikapita jiko, vikapita meza, vikapita kitanda alicholala yeye na mumewe, vikaenda taratibu, hatua fupi fupi kama za mtu asiyetaka kuamsha watu, mpaka kwenye kitanda kidogo cha Lorette, na hapo, karibu na kichwa cha mtoto, vilikuwa viwili sambamba, visigino vikiwa vimeinuka, kama mtu aliyechuchumaa kumtazama aliyelala. Chumba kilinuka matope ya mto na sufu iliyolowa. Soksi za Lorette, alizolala nazo zikiwa kavu, zilikuwa zikichuruzika, na kati ya vidole vyake palikuwa na kijani cha mwerezi.

Mtoto mwenyewe alikuwa mzima, anacheka. Exelda alimnyanyua akamkumbatia mpaka mtoto akaanza kulia.

“Nataka Bibi Osithe aje,” alimwambia mumewe.

Bibi Osithe aliishi Njia Panda, mito miwili inapokutana. Alikuwa mganga wa kukata damu: mtu akijikata kwa shoka, yeye husema maneno yake kimoyomoyo, hata kama yuko mbali, na damu husimama. Watu walimwita pia kwa mambo yasiyo na damu.

“Yule bibi haletwi hapa,” alisema Onias.

“Kwa nini?”

Akachukua shoka akaenda kupasua kuni ambazo tayari zilikuwa zimepasuliwa. Katika miaka minne ya ndoa hiyo ndiyo mara ya kwanza kumkatalia kitu, na Exelda akahisi ubaridi mkali kuliko ule wa maji. Yeye mwenyewe alimwomba Calixte, aliyekuwa amelala usiku ule kando ya mtumbwi wake, na Calixte akakubali shingo upande.

Bibi Osithe alifika kesho yake asubuhi kwenye ukungu, mdogo kama fungu la nguo katikati ya mtumbwi. Hakuuliza maswali mengi. Alilitungua baragumu, akakinga maji kiganjani, akayaonja kwa ncha ya ulimi.

“Onja na wewe, mwanangu. Umezaliwa kwenye mto huu.”

Exelda akaonja. Maji ya ziwani, aliyokunywa kila siku, yalikuwa laini, yana ladha ya majani yaliyooza. Haya yalikuwa na ladha ya chuma.

“Ya Kikaango,” alisema.

“Ya Kikaango. Basi si mzimu wa kuomba sala. Huyu amebeba maji yaliyomuua, anayarudisha kwa mwenyewe, na anayarudisha ndani ya baragumu. Uliwahi kufikiri kwa nini ndani ya baragumu?” Bibi akakaa. “Siku aliyokufa wewe ulikuwa wapi?”

Exelda akamweleza, kama alivyokwisha kuwaeleza watu wengi, habari ya kengele, na suruali iliyolowa, na maua. Alieleza huku akitabasamu kidogo, kwa mazoea. Bibi Osithe hakutabasamu. Akauliza jambo moja tu.

“Maji ya bwawa hili hula muda gani kufika Mdomoni?”

Kila mtoto wa mto ule anajua. “Masaa manane,” alisema Exelda, na kabla neno halijamtoka vizuri mdomoni, mto wote ukajipanga mbele ya macho yake kama alivyoufahamu tangu alipojifunza kutembea: Maji Mfu, Shingo ya Bata, Kikaango, Njia Panda, mwamba kwa mwamba, kona kwa kona. Juni ile mto ulikuwa umekauka. Mtumbwi ungeburutwa kwenye kokoto siku nzima na nusu. Mtu hafiki Mdomoni kwa siku moja ila apande juu ya maji ya bwawa lenyewe. Maji yaliyoachiwa saa sita mchana yanafika saa mbili usiku. Na kengele ya saa kumi na mbili ilikuwa bado inalia alipoingia.

Maji yale yalikuwa yametoka saa nne asubuhi. Na Onias alikuwa juu yake.

Alimtazama mumewe. Onias alikuwa amesimama mlangoni.

“Ilikuwa kwa ajili yako,” alisema.

Akayasema yote kwa sauti ya chini, akiangalia sakafu iliyotobolewa. Ujumbe ulikuwa umeletwa kwa miguu usiku kucha kwamba uchungu umemshika Exelda na hali si nzuri. Saa nne ni saa ya wasukuma magogo kula mlo wa pili. Alijua wote watakuwa ukingoni na maharage yao. Angepuliza, msimamizi angejua milango imefunguliwa kabla ya saa, na kazi ingekwenda, na nyumba. Kwa hiyo alizungusha gurudumu kimya kimya, akaingia mtumbwini.

“Ukapita Kikaango,” alisema Exelda.

“Nilipita.”

“Ukaona nini?”

“Kulikuwa na kitu kinaelea. Nilidhani ni gogo.” Akashika mwimo wa mlango. “Kilikuja ubavuni mwa mtumbwi. Nilikisukuma kwa kasia, Exelda. Nilidhani ni gogo.”

Exelda alimgeukia Calixte, kwa sababu Calixte ndiye aliyekuwepo ukingoni siku ile, ndiye aliyeapa mbele ya watu kwamba baragumu lililia, na wengine wakaapa nyuma yake. Calixte alikuwa analia bila sauti.

“Tulishuka kula, yeye akakataa,” alisema. “Alitaka amalize lile gogo apate ruhusa ya kwenda Mdomoni, akamwone mtoto wako. Hatukusikia kitu, dada. Hatukusikia hata mlio mmoja. Baadaye tukasema, mtoto ndiyo kwanza anazaliwa, amepoteza mjomba, tumpokonye na baba? Tulikuwa tunakutendea wema.”

Wema. Asali ya miwa, shali, misa bila sadaka. Exelda alilifungua lile kopo lake la moyoni na kila kifungo alichokishika kilikuwa kimelowa. Mto mzima ulijua. Maili thelathini za watu walimtazama akisimulia habari ya maua, wakatikisa kichwa, wakamwongezea chai.

Bibi Osithe akasema linalotakiwa. Aliyenyima mlio akasimame juu ya mwamba wa Kikaango, saa nne ile ile, aseme kweli kwa mdomo wake mbele ya kaburi. Dada wa marehemu asimame bwawani na baragumu. Asiguse gurudumu.

“Nani atafungua milango, basi?” aliuliza Onias.

“Si wewe, baba. Wewe una zamu yako nyingine.” Kisha bibi akamshika Exelda mkono na kusema, kwa sauti ya kusikika na yeye tu: “Ukipuliza mara tatu, atatoka mwambani. Usipopuliza, hatatoka. Hilo mimi siliingilii.”

Wanaume wawili walishuka na mtumbwi. Bibi akabaki ndani na mtoto. Exelda alisimama kwenye mbao za bwawa ndani ya ukungu mzito, ziwa limelala upande mmoja kama maziwa, upande wa pili mto mwembamba ukinong'ona kwenye kokoto. Saa ya ukutani ikagonga saa nne, na sauti yake ikamfikia kupitia mlango ulioachwa wazi.

Buti zilikuwa kando ya gurudumu.

Hakuziona zikija. Zilikuwa zimesimama tu pale anaposimama mlinzi, ngozi imejaa ukungu wa kijani, kamba zinaning'inia, na maji yakipanda ndani yake na kumwagika juu ya shingo za buti bila kuisha, na harufu ya sufu iliyolowa ikamjia, sufu ya fulana aliyomfumia kaka yake kwa mkono wake mwenyewe. Na gurudumu likaanza kuzunguka, jino kwa jino, polepole, mnyororo ukilia, na mlango wa kwanza ukainuka, na ziwa likainamisha kichwa na kuanza kupita chini ya miguu yake kwa ngurumo iliyotikisa mbao, naye akainua baragumu akapuliza, mlio mrefu uliokwenda na mto, ukapita Maji Mfu, ukapita Shingo ya Bata, akavuta pumzi, akapuliza wa pili.

Akavuta pumzi ya tatu.

Na hapo, akilini, aliona maua. Maua ya zambarau, yamelowa, kwenye mkono ule ule ulioshika kasia. Aliliondoa baragumu mdomoni. Hakutaka afe. Mungu ni shahidi wake, hakutaka afe. Alitaka tu Onias asimame pale na ajue, kwa muda wa pumzi moja, jinsi mtu anavyongoja mlio usiokuja. Pumzi moja tu. Lakini pumzi ile ilirefuka, mlango wa pili ukainuka, wa tatu ukainuka, na alipoliweka tena baragumu mdomoni lilikuwa limejaa maji ya chuma yaliyomrudia kooni, akakohoa, akaanguka kwa magoti, na maji yalikuwa yameshakwenda.

Alipoinua uso buti hazikuwepo.

Alikaa barazani masaa mawili bila kuhisi baridi. Kisha wanaume wawili wakatokea kwenye njia ya msituni, wakitembea, mmoja amemshika mwenzake bega. Onias alikuwa mkavu. Alifika, akapiga magoti mbele yake kama alivyopiga magoti jioni ile, asithubutu kumgusa.

“Nilisema yote,” alisema. “Wa kwanza niliusikia kutoka huku. Wa pili vilevile. Halafu kimya, kimya mpaka nikayasikia maji yenyewe yanakuja, na miguu ikawa haiendi. Wa tatu…” Akashika shingo yake kwa nyuma. “Wa tatu ulilia mgongoni mwangu, Exelda. Hapa. Niliisikia pumzi, ilikuwa baridi, imelowa. Ndiyo iliyonirusha ukingoni.” Akamtazama usoni kama mtoto anayeomba. “Lakini ulipuliza yote mitatu, siyo?”

Bibi Osithe alikuwa ametoka mlangoni na Lorette mkononi. Calixte alikuwa akiangalia viatu vyake.

Exelda alimfikiria kaka yake, aliyempa muuaji wake kitu ambacho yeye, mwenye mdomo na mapafu, alimnyima. Neno la kweli lilikuwa fupi. Lilikuwa pale kwenye ulimi, lina ladha ya chuma.

“Nilipuliza yote mitatu,” alisema.

“Hata mimi niliisikia yote mitatu,” alisema Calixte haraka, kama mtu aliyezoea.

Bibi Osithe alimweka mtoto chini taratibu, akajifunga shali yake, akaomba arudishwe Njia Panda kabla jua halijageuka. Alipompita Exelda alimgusa shavu kwa kiganja, kwa huruma nyingi, na hakumwambia kwaheri.

Mchana ule Exelda alilikausha baragumu kwa kitambaa, akalichoma kwa moto wa jiko mpaka bati likabadilika rangi, akalitundika kwenye msumari wake, mdomo chini. Akageuka kukata mkate. Alikata vipande vitatu, akapaka asali ya miwa kimoja.

“Mama,” aliita Lorette.

Mtoto alikuwa amesimama ukutani chini ya baragumu, mkono ameunyoosha juu, kiganja wazi, akicheka. Kitu kilidondoka kiganjani mwake. Kikadondoka tena.

“Mama, mvua.”